Adui Amfungaye Mlinzi

Hotuba iliyosomwa na Mshauri wa Kilimo wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Katika sherehe kama hii ni desturi kuhesabu yaliyopatikana: maghala, mizani, magari, na hesabu zilizokaguliwa zikaonekana safi. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaeleza kwa ufasaha, wala sina haja ya kuyarudia. Mimi nimeombwa nieleze jambo moja lililomo katika ajenda ya alasiri, yaani pendekezo la kuanzisha mashamba ya mbegu ya muhogo na kung'oa mihogo yenye maradhi.

Najua kwamba pendekezo hilo limezua maneno mengi vijijini. Wako wasemao, "Mwatutaka tung'oe mti ulio hai, wenye majani, uwezao kutupatia chakula. Je, hiyo ni akili?" Swali hilo ni la haki, na anayeliuliza hastahili kubezwa; astahili kujibiwa. Jibu lake limo ndani ya mmea wenyewe, katika vita visivyoonekana kwa macho. Nikiweza kuwaeleza vita hivyo sawasawa, basi jioni mtapiga kura zenu mkijua mnachokipigia.

MARADHI MAWILI

Muhogo wetu wa Kanda hii ya Ziwa husumbuliwa na maradhi makubwa mawili. La kwanza ni batobato. Hili kila mkulima alijua: jani hutoka na mabaka ya manjano na kijani, hujikunja na kudumaa, na mizizi hubaki midogo kama vidole. Si maradhi mapya. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, aliyaandika katika habari zake za mimea ya Usambara. Yana umri mkubwa kuliko babu zetu wengi.

La pili ni michirizi ya kahawia. Haya yaliandikwa na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima hiyo hiyo ya Usambara, mwaka 1936. Kwa miaka mingi yalijulikana kuwa maradhi ya pwani na ya nchi za chini, hata watu wa bara wakadhani yamekwama huko. Lakini tangu mwaka 2004 yalionekana Uganda, katika nchi iliyo juu ya mita 1,000, na baadaye yakaenea pande zote za Ziwa letu. Haya ni mabaya zaidi kwa namna moja: yana hila. Majani ya chini huweza kuonyesha umanjano kidogo kandokando ya mishipa, na mti ukaendelea kusimama wima na kupendeza. Mwenye shamba huja kuchimba akitazamia karamu, akakata muhogo na kukuta ndani umeoza, umekuwa mkavu na wa rangi ya kahawia kama gome. Uchunguzi wa pwani ya Tanzania uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba katika aina zisizovumilia, uzito wa mizizi waweza kupungua hata kwa asilimia 70. Na hiyo iliyosalia, sehemu iliyooza haifai makopa wala udaga; hata mnunuzi huirudisha.

Maradhi yote mawili huletwa na virusi, na virusi hivyo huchukuliwa na mdudu mmoja, naye ni nzi mweupe, yule arukaye kama majivu tukitikisa majani. Tena huchukuliwa na sisi wenyewe, katika pingili tunazozipanda. Virusi hivi havimdhuru binadamu. Mwenye kula muhogo wa mti mgonjwa hataugua kwa sababu yake. Dhara lake ni kwa mmea, na kwa mmea huliingia ghala.

ULINZI WA MMEA

Ndugu wanachama, watu wengi hudhani kwamba mmea hauna kinga. Kwamba umesimama tu kama nyumba isiyo na mlango. Sivyo. Kila mmea una walinzi wake, na kazi yao ilipofahamika ilikuwa ajabu kwa wataalamu wenyewe.

Kirusi si mdudu. Ni uzi mfupi wa maagizo uliofungwa ndani ya ganda. Kirusi cha batobato kina duara mbili za maagizo, kila moja ina herufi zipatazo 2,800, na ndani yake zimo kazi zipatazo nane tu. Muhogo wenyewe una maagizo ya kazi zaidi ya 30,000. Kirusi hakiwezi kula, wala kupumua, wala kuzaa peke yake. Hungia ndani ya chembe ya mmea, kikatoa maagizo yake, na chembe ikatumika bila kujua kuchapa nakala za kirusi badala ya kufanya kazi ya jani.

Maagizo hayo husomwa yakiwa katika nyuzi ziitwazo RNA. Sasa, kirusi kinapozidisha nakala zake, nyuzi hizo huelekea kulala mbili mbili, zikishikana kama zipu iliyofungwa. Hapo ndipo mmea hushtuka, kwa kuwa uzi mrefu wa namna hiyo ni dalili ya mwizi. Mmea hutoa protini iliyo mfano wa mkasi, ikaukata uzi ule vipande vidogo vidogo vyenye herufi 21 hadi 24. Vipande hivyo havitupwi. Kila kimoja hupewa protini nyingine, ambayo hukichukua kama askari achukuavyo picha ya mtu anayetafutwa, ikazunguka nacho ndani ya chembe. Ikikutana na uzi wowote unaolingana na picha ile, huukata au huuzuia usisomwe.

Sisi wa kanda hii twawajua sungusungu. Mwizi akionekana katika kijiji kimoja, habari za sura yake hutangulia mbele yake, hata afikapo kijiji cha pili watu wamekwisha kusimama njiani. Mmea hufanya vivyo hivyo: vipande vile hupita kutoka chembe hadi chembe, na kupanda pamoja na maji ya mmea mpaka machipukizi ya juu, ili majani yatakayozaliwa yaikute habari ya adui imekwisha kufika. Vipande hivi vidogo viligunduliwa katika mimea na Andrew Hamilton na David Baulcombe, huko Norwich, Uingereza, na habari zao zikatolewa mwaka 1999.

Wakulima wameiona kazi ya walinzi hawa bila kuijua jina. Nani kati yetu hajaona mti wa muhogo ulioanza na majani yaliyokunjamana, kisha mwezi wa tatu au wa nne ukatoa majani ya juu safi? Wengine husema mvua imeuponya; wengine husema ni udongo. Hakika ni kwamba katika mti ule walinzi walishinda. Wataalamu waliopima mihogo ya namna hiyo waliikuta imejaa vipande vile vidogo vya sura ya mwizi, na katika mihogo isiyopona vipande hivyo vilikuwa vichache.

NAMNA ADUI AMFUNGAVYO MLINZI

Basi, kama mmea una ulinzi mzuri hivi, kwa nini mashamba yetu huangamia? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kirusi kina maagizo machache sana, lakini katika uchache wake hakikusahau silaha ya kumkabili mlinzi. Miongoni mwa protini ambazo kirusi huulazimisha mmea uzitengeneze, iko moja au zaidi ambayo kazi yake ni kuuzima ulinzi. Fikirini jambo hilo: mmea wenyewe ndio unaotengeneza kamba ya kumfungia askari wake. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1998 wataalamu walithibitisha kwa mara ya kwanza kwamba protini za namna hii zipo katika virusi vya mimea. Tangu hapo nyingi zimegunduliwa, nazo hazifanyi kazi kwa njia moja. Nitataja njia tatu.

Njia ya kwanza ni kunyakua zile picha. Kirusi kimoja cha nyanya kina protini iitwayo P19. Mwaka 2003 umbo lake lilionekana kwa vipimo vya hali ya juu: protini mbili hushikana mikono na kukikumbatia kipande kidogo, zikikipima urefu wake kama fundi apimavyo ubao, na kikiwa cha urefu ule unaohitajika na mlinzi hawakiachi tena. Mkasi unaendelea kukata, vipande vinaendelea kutoka, lakini askari hapewi picha. Katika batobato ya muhogo iko protini iitwayo AC4. Ile ya kirusi cha batobato ya Afrika, kama ilivyoelezwa mwaka 2005, hushika vipande vikiwa vya uzi mmoja, yaani vikiwa karibu kabisa na kutumiwa.

AC4 hiyo ina madhara mengine. Mmea hutumia vipande vidogo vya namna hii hii kwa shughuli zake wenyewe, mathalani kuliongoza jani likue kwa umbo lake. Protini ya kirusi haichagui. Hunyakua vya mwizi na vya mwenye nyumba pamoja. Mimea ya majaribio iliyotiwa protini hiyo peke yake, bila kirusi chote, ilikua vibaya na kupotoka umbo. Basi tunapoona jani la muhogo limejikunja, huenda sehemu ya tunachokiona ni barua za mmea zilizonyakuliwa njiani.

Njia ya pili ni kuharibu amri katika makao makuu. Protini nyingine ya batobato, AC2, huingia katika kiini cha chembe, mahali pa kuhifadhia maagizo ya mmea, na huko huvuruga usomaji wa maagizo. Askari yupo langoni, lakini ofisi inayompa amri imevurugwa.

Njia ya tatu ni kuiharibu picha yenyewe. Kirusi kimoja cha viazi vitamu kina protini ya kukata, iitwayo RNase3, ambayo huvikata vile vipande vidogo vikawa vidogo zaidi, visifae tena kumtambulisha mtu.

Nacho kirusi cha michirizi ya kahawia? Kina uzi mmoja mrefu wa herufi zipatazo 9,000. Jamaa zake wengi hutumia protini moja maarufu ya kuzimia ulinzi, lakini chenyewe hakina. Mwaka 2009 Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kwamba kirusi hiki kinayo nyingine, iitwayo P1, nayo ndiyo inayofanya kazi hiyo. Nalitaja jina lake kwa makusudi, ili vijana wetu walio shuleni wajue kwamba siri za muhogo wa Afrika huweza kufumbuliwa na Waafrika.

WEZI WAWILI USIKU MMOJA

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa maana hapa ndipo penye hatari kubwa.

Mmea ulioingiwa na kirusi kimoja una matumaini, kwani kirusi hicho humfunga mlinzi kwa njia yake moja. Lakini virusi viwili vya namna mbalimbali vikikutana katika mti mmoja, kimoja hushika mikono ya mlinzi na kingine hushika miguu. Mwaka 2004 wataalamu waliofanya kazi na virusi vya batobato kutoka Kamerun walionyesha jambo hili waziwazi: kirusi cha kwanza nguvu yake ilikuwa katika AC4, na cha pili nguvu yake ilikuwa katika AC2. Kila kimoja kilimwendea mlinzi kwa njia tofauti, na vilipowekwa pamoja vilizidishana nakala kupita kiasi, na mmea ukaugua vibaya kuliko ungeugua kwa kimoja kimoja.

Jirani zetu wa Uganda waliyaonja haya katika mashamba yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyo ya kawaida ilizuka kaskazini ya Kampala, upande wa Luwero, ikaanza kusogea kama moto wa nyikani. Watu wakaacha kulima muhogo wilaya nzima, na njaa ikaingia. Mwaka 1997 sababu ilijulikana: virusi viwili vilivyokuwa vimekutana ndani ya mmea vilibadilishana vipande vya maagizo, kikazaliwa kirusi cha tatu, na hicho cha tatu kilikutwa mara nyingi pamoja na kirusi cha zamani katika miti iliyougua vibaya zaidi. Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, balaa hilo lilikuwa limeingia Kenya ya magharibi na Mkoa wetu wa Kagera. Wazee walioko hapa wanaikumbuka miaka ile, hawahitaji kuhadithiwa.

Nitaongeza shahidi mmoja, kwa ajili ya akina mama wanaolima viazi vitamu. Kipo kirusi kimoja cha viazi kiletwacho na vidukari, ambacho kikiwa peke yake hakionekani sana. Mti hukizuia na kuendelea kuzaa. Lakini kikiingia kile chenye RNase3, ambacho huletwa na nzi weupe, viazi hudumaa, majani huwa membamba kama kamba, na shamba halirudishi hata mbegu. Mwaka 2009 ilitolewa habari ya jaribio moja: viazi vilitiwa protini ile RNase3 peke yake, bila kirusi chake. Viazi hivyo vikapoteza kinga yao juu ya kile kirusi cha vidukari, vikaugua. Basi imethibitika kwamba protini moja tu yatosha kuufungua mlango ambao mwizi mwingine alikuwa amekwisha kuushindwa.

YATUPASAYO SISI

Bwana Mwenyekiti, huenda mtu akauliza haya yote yana faida gani kwa mwenye jembe. Yana faida nne, nami nitazieleza moja moja.

Kwanza, mti ulio mgonjwa hauna dawa. Watu wamejaribu majivu, wamejaribu mbolea, wamejaribu kunyunyizia dawa za wadudu. Mbolea humpa mmea chakula. Haimfungui mlinzi aliyefungwa. Dawa ya wadudu humwua nzi. Haimgusi kirusi aliyekwisha kuingia ndani. Kwa hiyo nguvu zetu zote hatuna budi kuziweka kabla adui hajaingia. Kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili tiba haipo kabisa.

Pili, muhogo haupandwi kwa punje kama mahindi, bali kwa kipande cha mwili wa mama yake. Mama akiwa na kirusi, mtoto huzaliwa nacho, na huzaliwa mlinzi wake akiwa amefungwa tayari. Mti ulioambukizwa na nzi ukiwa mkubwa hupata nafasi ya kujitetea. Mti uliotokana na pingili yenye ugonjwa haupati. Ndiyo maana pingili safi ina thamani kuliko gunia la mbolea.

Tatu, yatupasa kuogopa mchanganyiko. Mtu anayechukua pingili huku na huku, leo kutoka kwa shemeji wa ng'ambo ya mto, kesho kutoka mnadani, anawakusanya wezi wa vijiji vyote katika nyumba moja. Kila mmoja akija peke yake mti ungeweza kumzuia, wakikutana hauwezi. Najua kwamba kwetu kumnyima jirani mbegu ni aibu, nami sisemi tunyimane. Nasema tupeane kilicho safi. Mtu hampi jirani yake maji ya kisima kilichoingiwa na uchafu, ingawa ana moyo mwema.

Nne, jambo hili halifanywi na mtu mmoja. Mwenye kupanda mbegu safi katikati ya mashamba yenye maradhi ataambukizwa na nzi wa jirani. Lakini hapa kuna habari njema. Nzi mweupe huweza kubeba batobato kwa siku kadhaa, lakini kirusi cha michirizi ya kahawia hakikai naye sana. Baada ya siku moja au mbili hana tena cha kuambukiza. Maana yake ni kwamba michirizi hairuki mbali kwa mabawa. Husafiri mbali kwa baiskeli na kwa lori, juu ya mabega yetu. Watu wa eneo moja wakikubaliana wote kuondoa mihogo ya zamani na kupanda iliyopimwa, ugonjwa hupata taabu kurudi. Jambo hili limejaribiwa katika nchi yetu wenyewe, katika eneo moja la Mkuranga na jingine la Chato, na habari zake zikatolewa mwaka 2017. Wanavijiji walikubaliana, wakang'oa, wakapanda mbegu safi kwa pamoja, na ugonjwa ukabaki chini kuliko katika maeneo yasiyofanya hivyo, na mavuno yakawa bora. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye kujua maana ya ushirika hahitaji kuelezwa zaidi.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Nirudi sasa kwa yule aliyeuliza, "Ning'oe mti ulio hai?"

Ndugu yangu, mti ule ni hai, lakini ni nyumba ya mwizi. Kila nzi anayetua juu yake huondoka na mzigo. Ukiuacha kwa kuuhurumia, utakula mizizi yake michache mwaka huu, na mwakani utakuwa umewalipia jirani zako deni wasilolikopa. Hata hivyo, nakubali kwamba njaa haisubiri hotuba. Kwa sababu hiyo pendekezo lililo mbele yenu halisemi mng'oe vyote kwa siku moja. Linasema kila kitongoji kivune kwanza kilichokomaa, kisha kiondoe masalio yote pamoja na machipukizi yanayojiotea, na kipande kwa msimu mmoja. Linasema wajane, wazee na wenye shamba moja tu wapewe pingili safi kabla ya wajumbe na viongozi. Linasema Chama kitenge akiba ya chakula kwa ajili ya miezi ya kungoja. Sharti hilo la mwisho nawaomba mlishike kwa mikono miwili. Mtu asiye na chakula hawezi kung'oa muhogo, hata akijua habari zote za protini.

Wako pia wasemao, "Tupeni aina isiyougua, tuachane na mambo ya kung'oa." Aina zinazostahimili zipo, na ni neema. Huko Amani, tangu miaka ya 1930, muhogo ulichanganywa na jamaa yake mpira ili kupata ustahimilivu, na damu ya mihogo ile imo katika aina nyingi zinazolimwa Afrika hata leo. Lakini yafaa mkumbuke mambo mawili. Aina inayostahimili batobato huweza kuangushwa na michirizi, kwa kuwa ni virusi mbalimbali vyenye silaha mbalimbali. Na aina inayovumilia haimaanishi haina kirusi. Huweza kukibeba kimya, ikasimama vizuri, na kumwambukiza jirani aliye dhaifu. Kwa hiyo aina njema na mbegu safi ni miguu miwili ya safari moja. Mtu hafiki kwa kuruka kwa mguu mmoja.

Kwa kila mwanachama, kazi ya kuanza nayo ni nyepesi. Katika miezi ya kwanza ya shamba, wakati majani yanaonyesha dalili waziwazi, pita mstari kwa mstari. Mti wenye mabaka ung'oe mapema. Mti ulio safi ufunge uzi wa rangi, ili siku ya kukata mbegu usibahatishe kwa kutazama unene wa shina. Kabla ya kukata pingili, tazama shina kama lina michirizi, kisha uchimbe mizizi na kuikata vipande, ukitazama ndani. Ukikuta kahawia, shina lile lisiwe mbegu, hata liwe zuri namna gani. Ukikuta safi, bado si hakika kamili, kwa maana jicho halioni kirusi. Ndiyo sababu mashamba ya mbegu ya Vyama vya Msingi lazima yaanze kwa pingili zilizopimwa na watafiti, na yakaguliwe na wakaguzi wa mbegu wa Serikali.

Bwana Mwenyekiti, Chama hiki kilianzishwa miaka kumi iliyopita kwa sababu mkulima mmoja mmoja alikuwa akipunjwa kwenye mizani, wala hakuwa na nguvu ya kujitetea. Leo twatakiwa kuutetea muhogo kwa njia ile ile, yaani kwa mapatano ya wengi, yanayoshikwa hata na yule ambaye shamba lake kwa sasa halina ugonjwa. Pendekezo likikubaliwa jioni hii, kazi itaanza msimu huu wa mvua. Likikataliwa, nitaendelea kuwatumikia kama kawaida; lakini nzi weupe hawatangoja mkutano wa mwaka ujao.

Nawapongezeni kwa miaka kumi ya uaminifu, na namwomba Mungu akibariki Chama chetu, mashamba yetu na watoto wetu watakaoyarithi.